Kitabu Mgongoni mwa Ngamia: Ni Nini Kimshikacho Msomaji?

Kila wanapokutana waandishi, walimu na wauza vitabu, maneno huwa ni yale yale: watu wetu hawasomi. Wakisha kuyasema hayo huilaumu redio, kisha televisheni, na siku hizi simu. Husema kwamba mtu akifungua maandishi hakai nayo. Hutupia jicho kichwa cha habari, akasoma mistari miwili, kisha keshakwenda zake. Wafanyao biashara ya matangazo wamefikia hata kuhesabu sekunde anazokaa msomaji mbele ya ukurasa, mfano wa mwenye duka anayehesabu watu wapitao mlangoni pasi na kununua.

Mimi lawama hizo sizikubali. Msomaji ni mgeni wetu, na mgeni akiondoka mapema, mwenye nyumba ndiye wa kuulizwa alimkaribishaje. Swali la haki ni hili: tumempa nini msomaji cha kumfanya akae? Na jawabu lake, ndugu msomaji, nataka tukalitafute pahali ambapo wengi wetu wa pwani hatungefikiria kwenda kulitafuta. Tufuate mto Tana, tupite Garsen, tupite Hola, mpaka Garissa, na kutoka hapo tuingie Kaskazini Mashariki, nchi ya mchanga na miba, ambayo sisi huku hutajiwa kwa habari za ukame na za bunduki tu.

MAKTABA YA MIGUU MINNE

Mwezi wa Oktoba mwaka 1996, Shirika la Maktaba la Taifa lilianza mjini Garissa kazi ambayo wengi walidhani ni mzaha. Lilichukua ngamia watatu likawafanya maktaba. Mmoja alibebeshwa masanduku ya vitabu, wa pili akabeba hema, na wa tatu akabeba mikeka na vyombo vinginevyo. Watu wa maktaba wakafuatana nao kwa miguu, pamoja na mchungaji ajuaye tabia za wanyama hao, wakaelekea vijiji na shule zilizouzunguka mji.

Sababu yake ilikuwa wazi. Njia za upande ule gari huzishindwa. Kiangazi humeza magurudumu, na masika hugeuza udongo kuwa tope. Tena watu wenyewe wengi ni wafugaji, leo wako hapa, kesho wamehamia penye malisho. Ukijenga jumba la maktaba ukangoja waje, utangoja sana. Basi wenye maktaba wakaamua kumfuata msomaji alipo, na wakampanda mnyama aliyezijua njia zile kabla ya serikali yoyote. Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Ghashiya anawataka watu wamtazame ngamia jinsi alivyoumbwa. Huko Garissa walimtazama, wakaona kwamba mgongo ubebao maji na maziwa waweza pia kubeba hadithi na hesabu.

Walipofika, hema lilisimamishwa au kivuli cha mgunga kikatafutwa, mikeka ikatandikwa, masanduku yakafunguliwa. Watoto wakachagua, wakakaa chini wakasoma. Aliyetaka kwenda na kitabu chake aliandikwa jina, akapewa wiki mbili za kukaa nacho, hata ngamia warudi. Kazi hiyo iliendelea mwaka baada ya mwaka, ngamia wakaongezwa, na baadaye huduma ikafika Wajir pia. Habari zake zilisafiri ulimwengu mzima, na mwaka 2007 mwandishi wa Kimarekani, Masha Hamilton, alitoa riwaya iliyotokana nayo.

Watu wa mbali waliipenda sana picha ya ngamia. Ilipigwa ikachapishwa katika magazeti ya kila nchi. Lakini mimi naona waliokuwa wakipiga picha wengi wao walielekeza kamera upande usio wenyewe. Ajabu haikuwa kwa ngamia. Ajabu ilikuwa kwa yule mtoto aliyekaa juu ya mkeka, jua limesimama utosini, mbuzi wa babake wanamngoja, naye hainui kichwa mpaka amefika ukurasa wa mwisho. Huyo ndiye msomaji ambaye sisi wenye magazeti humtafuta kwa tochi.

MGENI ALIYEKUJA BILA YA BUNDUKI

Ili kuelewa kwa nini mtoto yule alikaa, hapana budi tukumbuke ni wageni gani waliowahi kufika kwao kabla ya hapo.

Wakati wa Waingereza, nchi ile iliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na kwa amri ya mwaka 1902 ikafungwa. Mtu hakuingia wala kutoka bila ya kibali. Shule zilikuwa chache mno. Baada ya Uhuru vikaja vita vilivyoitwa vya Mashifta, kuanzia mwaka 1963 hadi 1967. Vita vilikwisha lakini sheria za hali ya hatari hazikwisha; ziliendelea mpaka mwaka 1991. Katikati ya miaka hiyo ndipo yalipotokea mauaji ya Garissa ya mwaka 1980, na yale ya uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, mwezi wa Februari mwaka 1984. Hayo si ya kusimuliwa kwa furaha, na wenye msiba wapo hai.

Nimeyataja kwa sababu moja. Kwa watu wa huko, kwa muda wa umri wa mtu mzima, serikali ilikuwa ni kitu kifikacho kwa lori, na kilipofika mtu alijificha. Miaka mitano tu baada ya sheria hizo kuondolewa, ikafika serikali nyingine, inakwenda kwa miguu, inaongoza ngamia, haina bunduki, inasema: chukua hiki, kisome, tutarudi baada ya wiki mbili.

Na ikarudi kweli. Hapo ndipo penye siri yote. Mtu wa Garissa alikuwa amezoea ahadi za wakubwa zisizorudi. Mwenye kuahidi akarejea siku ileile aliyoisema, na kitabu kingine mkononi, alimfundisha mtoto jambo kubwa kuliko yote yaliyokuwa ndani ya kitabu. Alimfundisha kwamba kusoma kuna kesho. Msomaji anayejua kuwa kesho ipo, leo hukaa.

Yafaa wenye kutoa magazeti na vitabu wayazingatie haya. Gazeti linalotoka leo, kesho likakosekana, kesho kutwa likatoka na kurasa pungufu, halina haki ya kulalamika kwamba wasomaji wamelikimbia. Kitu cha kwanza kimshikacho msomaji ni kumwamini yule amleteaye.

MAALIMU NA UBAO WAKE

Wako watakaosema kwamba wafugaji ni watu wa mdomo, kusoma si jadi yao, na kwamba walianza kuona maandishi ngamia wale walipofika. Hayo si kweli hata kidogo.

Kabla ya maktaba kulikuwa na duksi, ambayo sisi huku huiita chuo. Maalimu wa duksi hakujenga jumba akangoja. Wafugaji walipohama, naye alihama pamoja nao. Chombo chake kilikuwa ubao wa mti, wino akautengeneza kwa makaa, na mtoto aliandika aya zake, akazisoma kwa sauti mpaka zikaingia moyoni, kisha akauosha ubao na kuandika nyingine. Jioni wanafunzi hukaa duara, wakapokezana aya, huyu akiachia huyu anashika. Hakuna asomaye peke yake. Aliyesahau, mwenzake humkumbusha.

Tazama basi yaliyomo humo. Mwalimu humfuata mwanafunzi. Fungu la kusoma ni dogo lakini ni la kila siku. Sauti inasikika. Wenzako wapo ubavuni. Na kinachosomwa mtu anajua thamani yake, kwani neno la kwanza alilopewa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, lilikuwa ni amri ya kusoma. Kwa njia hiyo watoto wa jangwani wamekaa na maandishi miaka mitatu, minne, hata wakahifadhi Msahafu mzima, bila ya dawati wala taa ya umeme. Anayesema kwamba watu hawa hawawezi kukaa na kitabu, hajapata kupita karibu na duksi alfajiri.

Na hata huo mdomo wanaoudharau, una mafunzo yake. Mashairi ya Sayyid Mohamed Abdulle Hassan, aliyefariki mwaka 1920 baada ya kupigana na wakoloni kwa miaka ishirini, yalisafirishwa na waliohifadhi, kisima kwa kisima, kambi kwa kambi. Hayakuwa na karatasi. Lakini msikilizaji alikaa mpaka mwisho, kwa sababu yalisema juu ya ngamia wake, vita vyake na heshima yake, tena kwa lugha yake.

LUGHA YA NYUMBANI

Hapa ndipo ninapoona kasoro ya ile maktaba, na naisema kwa kuipenda. Vitabu vingi vilivyopandishwa migongoni mwa ngamia vilikuwa vya Kiingereza. Vya Kiswahili vilikuwepo. Vya Kisomali vilikuwa haba.

Kisomali kilipata maandishi yake rasmi ya herufi za Kilatini mwezi wa Oktoba mwaka 1972, huko Somalia. Miaka miwili baadaye serikali ya Mogadishu iliwapeleka maelfu ya wanafunzi wa shule kwa wafugaji wawafundishe kusoma, na ijapokuwa ukame mkali uliwakuta huko huko, watu wengi walijifunza. Ng'ambo ya pili ya mpaka, kwetu Kenya, mtoto wa Kisomali aliendelea kufundishwa kwa lugha mbili ambazo hakuzikuta kwa mamake. Kufika darasani ni safari, kuelewa ni safari ya pili, na kitabu cha hadithi ni safari ya tatu.

Mtoto kama huyo akipewa hadithi ya watoto wa Ulaya wanaochezea theluji, atageuza kurasa kwa ajili ya picha. Ni haki yake, na picha zina faida yake. Lakini mpe hadithi ya mvulana aliyepoteza ngamia wa babake kando ya mto Tana, uone kama atanyanyuka. Misaada ya vitabu kutoka ng'ambo ilikuwa ni hisani, na mwenye kutoa hisani hutukanwi. Hata hivyo haifai taifa likae miaka mingi likiwalisha watoto wake hadithi za kuombaomba, na hali lina waandishi. Nani kati yetu amekwisha kuandika kitabu cha watoto kinachotokea Balambala, au Masalani, au Dadaab? Tukiwa hatujaandika, tusishangae msomaji akiondoka.

MWALIMU ALIPOONDOKA

Jambo jingine limshikalo msomaji ni mtu. Kitabu hakijiwashi chenyewe, huwashwa na mkubwa asemaye, "Hebu kisome hiki, kesho unihadithie."

Katika jambo hili Kaskazini Mashariki imepata pigo ambalo halijapona. Mwezi wa Novemba mwaka 2014 abiria 28, baadhi yao walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo, waliuawa katika basi lililotoka Mandera. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa, na watu 148 wakauawa, wengi wao vijana waliokuwa wamekwenda kutafuta elimu. Mwezi wa Januari mwaka 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa. Baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa. Hakuna wa kuwalaumu. Roho ni amana. Lakini madarasa yalibaki, na watoto walibaki ndani yake, ubao mweusi mbele yao hauna wa kuuandika.

Waliofanya mauaji hayo walidai kuifanyia kazi dini, na dini imewakana. Masheikhe wa pwani na wa Garissa waliyalaani hadharani. Lakini kulaani hakutoshi. Adui wa aina ile hutafuta kijana ambaye hana cha kusoma ila karatasi aliyoandikiwa na yeye. Kijana aliyezoea kukaa na kitabu, akakifikia mwisho, akakilinganisha na kingine, huyo si rahisi kudanganywa kwa maneno ya mtu mmoja. Ndiyo maana suala hili la kudumu na maandishi silioni kuwa ni la starehe ya watu waliosoma. Ni suala la uhai.

Kuna na ukame. Kati ya mwaka 2020 na 2023 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, mifugo ikafa kwa wingi, kisha mwishoni mwa mwaka 2023 ikaja mvua ya mafuriko, na Tana ikafurika ikawahamisha watu. Aliyehama kwa dhiki hawezi kurejesha kitabu siku ya kumi na nne. Kanuni ya wiki mbili ni nzuri kwa mtoto wa mjini. Kwa mfugaji yafaa kitabu kihame naye na kirudi msimu urudipo. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Kilichorudi kisafi ndicho cha kutiliwa shaka.

NA SISI WA PWANI?

Pengine wewe usomaye haya uko Mombasa, Malindi au Lamu, unajiambia kwamba hayo ni ya Garissa. Ngoja kwanza.

Sisi tuna mifano yetu ya kumshika msomaji, na tumeisahau. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na alimwandikia binti yake. Hakuuandikia ulimwengu. Na kwa kuwa alimlenga mtu mmoja ampendaye, umesomwa na kuimbwa na watu wasiohesabika mpaka hii leo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, aliandika kwa Kiswahili cha barazani, juu ya mambo yaliyowakera watu wa mji wake: elimu ya watoto, israfu za harusi, hali ya Waislamu katika nchi yao. Magazeti hayo yalikuwa madogo, tena hayakudumu miaka mingi. Lakini makala zake zilikusanywa zikawa kitabu, Uwongozi, na mwaka 2017 zikachapishwa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Hiyo ni miaka zaidi ya themanini. Nani atasema wasomaji wale hawakukaa?

Lakini leo vijiji vya Ndau, Kiwayu na Kizingitini vinahitaji vitabu kama vile Garissa ilivyohitaji, na bahari iko pale. Ngamia wa pwani ni mashua. Na Lamu kwenyewe kuna punda wanaopanda na kushuka vichochoro hivyo kila siku na mifuko ya mchanga na mawe. Huko Colombia, Amerika ya Kusini, mwalimu mmoja aitwaye Luis Soriano aliwabebesha punda wake wawili vitabu, akazunguka nao vijijini miaka na miaka. Punda wetu wana upungufu gani?

YANAYOPASA KUTENDWA

Katiba ya mwaka 2010 imezipa serikali za kaunti kazi ya maktaba. Basi wakubwa wa Garissa, Wajir na Mandera, na wa Lamu na Tana River, wasiingoje Nairobi. Ngamia si ghali kama gari la mkubwa mmoja, wala hatumii petroli.

Pili, sehemu ya fedha za vitabu ikatwe kwa ajili ya vitabu vya Kisomali na Kiswahili vilivyoandikwa na watu wa huku, na wachapishaji walipwe kwa kazi hiyo. Tatu, maktaba izungumze na maalimu wa duksi na wa vyuo vya pwani. Wao wanao watoto kila alfajiri na kila jioni. Sanduku moja la vitabu vya halali likiwekwa mlangoni pao litafanya kazi kuliko jumba lenye kufuli. Nne, wazee wetu wajue kwamba mtoto husoma penye mtu wa kumsikiliza. Asiyejua kusoma naye aweza kusikiliza. Kati ya magharibi na isha kuna wakati wa kutosha kwa kurasa mbili.

Na sisi wenye kuandika tuache kunung'unika. Wale wa Garissa walitembea juani na ngamia wao, wakaweka ahadi, wakaitimiza, na watoto wakakaa. Aliyeko ofisini penye feni, anayetaka msomaji amfuate yeye, akisha kufika akute maneno ya jana yaliyopashwa moto, hana haki ya kushika saa na kuhesabu sekunde.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tumtakao ni msomaji, naye yuko chini ya mgunga, amemaliza kitabu chake cha wiki mbili, anatazama njia.